Kwa nini nilizuiwa Mezani wakati sisi sote ni Walutheri?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili. Nimelelewa na kupata kipaimara Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Iringa, na sasa tunaishi Saint Paul, Minnesota. Tulipofika tulipokelewa vizuri mno na usharika mmoja wa ELCA, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani, wenye undugu na usharika wetu wa nyumbani kupitia Bega kwa Bega, ule undugu wa sharika za Iringa na za Saint Paul. Lakini mlangoni kuna bendera ya upinde wa mvua, na wanafungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Mume wangu akasema hapana. Tukaenda kanisa la Sinodi ya Missouri, ambao ni Walutheri wengine wa Marekani, wahafidhina zaidi. Ibada ilinikumbusha nyumbani na mahubiri yalinigusa, ila kabla ya Chakula cha Bwana mchungaji alitujia akatuomba kwa upole tusishiriki siku hiyo, kwanza tuzungumze naye. Nililia kwenye gari. Kule tusikokubaliana nao wanatukaribisha, na hapa tunakokubaliana nao wanatuzuia! Nani ana makosa, na tusali wapi? Nyumbani mchungaji wetu alikuwa mama, ndiye aliyewabatiza watoto wangu. Hilo nalo ni tatizo? Mume wangu anasema pia kimbunga kilichopiga Minneapolis mwaka 2009 kilikuwa hukumu ya Mungu juu ya ELCA. Ni kweli?

Jibu: Milele amina, dada yangu. Pole sana kwa siku ile. Mimi ni mchungaji wa upande wa wanaoitwa Walutheri wahafidhina, na ni haki yako kulijua hilo mapema. Naamini mchungaji wa Missouri alifanya sawa kukuomba usubiri. Naamini pia alikuwa na deni la kukueleza sababu, tena kabla ya ibada kuanza, kwa sababu mtu anayezuiwa Mezani bila maelezo husikia neno moja tu: ondoka. Kwa kuwa maelezo hayo hukuyapata siku ile, nitayaanzia mbali kidogo.

Jina la Kilutheri halina ofisi moja inayolimiliki. KKKT yenyewe ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba yaliyokuwa yametokana na misheni tofauti. ELCA ni changa zaidi. Ilianza rasmi tarehe 1 Januari 1988 baada ya makanisa matatu ya Marekani kuungana. Sinodi ya Missouri ni ya mwaka 1847, na kiini chake ni Wajerumani wa Saksonia waliovuka bahari mwaka 1838 na 1839. Walikuwa wamechoshwa na wachungaji walioiweka akili ya mwanadamu juu ya Neno la Mungu, wakaamua heri kupoteza nchi kuliko kupoteza imani. Meli yao mojawapo, Amalia, haikufika; ilipotelea baharini na wote waliokuwamo. Ukiwaona wajukuu wa watu hao ni wagumu kuhusu nani anakula Mezani, kumbuka kwamba kwao jambo hili halijawahi kuwa la adabu ya kumkirimu mgeni. Ni la ungamo la imani, na kuna waliolifia.

Sasa Meza yenyewe. Mwaka 1529 pale Marburg, Luther alikutana na Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya kanisa kule Uswisi, kujaribu kuyaunganisha makundi mawili ya matengenezo. Luther alichukua chaki akaandika mezani maneno ya Bwana, “Huu ni mwili wangu”, akayafunika kwa kitambaa. Zwingli alipozidi kueleza kwamba mkate unauashiria mwili tu, Luther alikifunua kitambaa akamwonyesha maandishi. Walikubaliana mambo mengi siku zile. Juu ya hilo moja hawakukubaliana, na hawakushiriki Meza pamoja. Mwaka 1997 ELCA iliingia ushirika kamili na makanisa matatu ya Marekani yenye asili ya upande ule mwingine, wakiwamo Wapresbiteri, baadaye na Waanglikana wa huko, na mwaka 2009 na Wamethodisti. Ndiyo sababu kule walikukaribisha bila kukuuliza chochote: Meza yao imeshawekwa wazi kwa watu wanaotofautiana juu ya kile kilichopo juu yake. Huo ni ukarimu wa kweli, siudharau. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 10, anasema wanaoshiriki mkate mmoja ni mwili mmoja, na katika sura ya 11 anaonya kwamba anayekula bila kuupambanua mwili anajiletea hukumu. Mchungaji anayeliamini onyo hilo hawezi kumpa mtu asiyemjua kisha akalala usingizi.

Wewe mwenyewe umekulia katika utaratibu huu. Nyumbani, waliooana kimila hawashiriki Chakula cha Bwana mpaka wabariki ndoa. Aliyeanguka dhambini hadharani hukaa pembeni mpaka arudi kundini, na usharika mzima hushangilia siku anapopokelewa. Hakuna mzee wa kanisa Iringa anayeuita utaratibu huo ukatili. Tofauti ni kwamba Missouri wanatazama pia ushirika wa kanisa unalotoka. Sinodi ya Missouri na KKKT hazina makubaliano ya ushirika wa madhabahu, yaani ya kushiriki Meza moja, na KKKT inao ushirika na ELCA kupitia Fungamano la Kilutheri Duniani. Ungekuwa umetoka katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, ambalo lina ushirika na Missouri, ungejitambulisha tu na kushiriki. Najua hilo linauma, kwa sababu imani ya moyoni mwako na ya mama wa Kisii aliyekaa benchi la mbele huenda ni ileile kabisa. Ndiyo maana alikuomba mazungumzo. Angekuwa amekukataa, asingekuwa na haja ya kuzungumza nawe.

Kuhusu bendera mlangoni, watu wengi wa kwetu wanadhani ugomvi wa makanisa haya ni ugomvi wa ndoa. Ndoa ni pale ulipojitokeza. Ulianza zamani, na ulianza kwenye Biblia. Miaka ya 1960 na 1970, katika Seminari ya Concordia ya Sinodi ya Missouri huko St. Louis, walimu wengi walikuwa wakifundisha kuisoma Biblia kwa uhakiki uliohoji kama mambo yaliyosimuliwa yalitokea. Mkutano mkuu wa 1973 uliofanyika New Orleans uliyakataa mafundisho hayo. Januari 1974 mkuu wa seminari, John Tietjen, akasimamishwa, na tarehe 19 Februari walimu 45 kati ya 50 na wanafunzi wengi wakatoka kwa maandamano. Walichomeka misalaba ya mbao kwenye uwanja wa seminari, kila mmoja na jina la mtu, wakauziba mlango kwa mbao zenye maandishi kwamba wako uhamishoni. Waliowaunga mkono wakaunda kanisa lao dogo, na kanisa hilo ni mojawapo ya yale matatu yaliyoungana kuwa ELCA. Kwa hiyo makanisa mawili uliyoyatembelea yaliachana juu ya swali moja: Neno linapotupinga, ni nani anayepaswa kunyamaza?

Swali hilo ndilo lililorudi Minneapolis, Agosti 2009. Mkutano mkuu wa ELCA ulipitisha tamko lake kuhusu jinsia kwa kura 676 dhidi ya 338. Theluthi mbili ilihitajika, na ilipatikana barabara, bila kura moja ya ziada. Siku mbili baadaye, kwa kura 559 dhidi ya 451, wakafungua njia ya kuwapokea wachungaji wanaoishi katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja. Ndani ya tamko lile kuna hoja ninayoitazama kuwa nzito kuliko kura zenyewe. Lilisema kuna misimamo minne tofauti juu ya jambo hili, na kwamba kanisa liheshimu dhamiri ya kila mmoja iliyofungwa na msimamo wake. Lugha hiyo ilichukuliwa kwa Luther. Ila mbele ya mfalme kule Worms, mwaka 1521, Luther alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Alisimama pale akiomba aonyeshwe kwa Maandiko kwamba amekosea. Misimamo minne inayopingana haiwezi kufungwa na Neno moja kwa wakati mmoja. Inapokubaliwa yote kuwa sawa, kilichobaki kuifunga dhamiri ni dhamiri yenyewe, na hiyo si kamba.

Ndugu zetu wa ELCA wanajibu kwa Ungamo la Augsburg, ungamo la imani la Walutheri la mwaka 1530, ibara ya saba, inayosema kwa umoja wa Kanisa yatosha kukubaliana juu ya Injili na sakramenti. Ndoa, wanasema, haimo humo. Ni hoja ya watu waliosoma na inastahili jibu. Jibu langu ni kwamba Injili inatangaza msamaha wa dhambi, na hakuna awezaye kuwatangazia watu msamaha wa kitu ambacho kanisa lake limeamua kukibariki. Mtu anayeishi na mvuto wa jinsia moja na kupambana nao kila siku, na ninao watu kama hao chini ya uangalizi wangu, anapoteza mara mbili. Kanisa moja linamwambia hana cha kupambana nacho. Jingine, na hapa nawasema wahafidhina wenzangu, linazungumza juu yake madhabahuni kana kwamba hayumo ndani ya jengo. Nimesikia mahubiri makali dhidi ya ushoga katika sharika ambazo mwanamume amemwacha mkewe akaoa mwingine na bado anakusanya sadaka. Yesu alizungumza wazi juu ya talaka katika Mathayo 19. Anayeitetea ndoa kwa mlango wa mbele na kuiuza kwa mlango wa nyuma hajaitetea.

Kimbunga ni kweli kilitokea. Tarehe 19 Agosti 2009, siku ileile tamko lilipopitishwa, upepo ulipiga katikati ya jiji na kuuvunja mnara wa kanisa la Central Lutheran, lililo jirani na ukumbi wa mkutano. Wako wahubiri mashuhuri walioandika mara moja kwamba Mungu amesema. Mimi siamini kwamba tuna ruhusa ya kusema hivyo. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu kumi na wanane, Bwana Yesu alikataa kabisa kuwafanya marehemu kuwa wenye dhambi kuliko wengine, akawageukia wasikilizaji: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Mwambie baba watoto asome Luka 13 mwanzoni. Kosa la mkutano ule linajulikana kwa Neno lililoandikwa, na lingekuwa kosa lilelile hata kama jua lingewaka siku nzima. Tukianza kuisoma mbingu kwa upepo, na huku kwetu mafuriko yanabomoa makanisa ya watu waaminifu, tutawaambia nini?

Juu ya mchungaji mama nitasema pole pole, maana najua unampenda. KKKT iliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Missouri hawafanyi hivyo, Kanisa la Kilutheri Kenya halifanyi hivyo, na Latvia mwaka 2016 sinodi yao iliandika katika katiba kwamba huduma hiyo ni ya wanaume. Mimi nasimama upande huo kwa sababu ya 1 Timotheo 2 na 1 Wakorintho 14, na kwa sababu Bwana aliyewaheshimu wanawake kuliko mwalimu yeyote wa wakati wake, na kuwafanya wa kwanza kuliona kaburi tupu, hakuwaweka katika wale kumi na wawili. Watoto wako wamebatizwa. Ubatizo ni tendo la Mungu kwa maji na Neno, haupimwi kwa aliyeshika maji, na hakuna mchungaji wa Missouri anayejua katekisimo yake atakayetaka kuwabatiza tena. Akikuambia vinginevyo, niandikie.

Ila kuna hoja ya wenzangu nisiyoikubali. Wanasema ukiruhusu wanawake, lazima ufike kwenye bendera mlangoni. Historia ya Afrika inawakanusha. Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Ethiopia, inabariki wanawake tangu mwaka 2000, na ndiyo iliyokata ushirika na ELCA na Kanisa la Uswidi mwaka 2013, ikawaambia wazi kwamba haitashiriki nao Chakula cha Bwana. Maaskofu wa KKKT, katika Tamko la Dodoma la Januari 2010, walisema walio katika ndoa za jinsia moja na wanaozitetea hawataalikwa kufanya kazi katika kanisa hilo. Huo si msimamo wa makanisa yaliyoteleza. Nikipinga huduma ya wanawake, basi nipinge kwa Andiko lililoandikwa juu yake, nisiwatishe watu kwa mteremko ambao mamilioni ya Walutheri wamesimama juu yake bila kuteremka.

Najua unajiuliza pia, hata kama hukuandika, kama ni vibaya kula kwa watu wa Bega kwa Bega na kusali kwingine. Undugu huo wa Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul ulianza mwaka 1987, zamani kabla ya kura zile. Umesomesha watoto wengi wa wakulima, na wazee wa sharika za Minnesota wamekaa kwenye vigoda vya wenyeji wao Iringa wakala ugali na kulia misibani pamoja nao. Usiwakimbie. Aliyekupokea uwanja wa ndege kwenye baridi ile ni jirani yako kwa maana ile ya Luka 10. Mpikie, mwalike, msaidie anapougua, na akikuuliza kwa nini huji tena Jumapili, mwambie ukweli kwa upole. Wazungu wengi wa Minnesota wamezoea wageni kutoka Afrika wakinyamaza kwa heshima huku moyoni wamekasirika, na kimya hicho kimedhuru undugu huo kuliko maneno yoyote. Pia ujue kwamba ndani ya ELCA kuna sharika na wachungaji ambao hawakukubali kura ya 2009 na bado wamo. Wengine waliondoka, na mwaka 2010 wakaunda Kanisa la Kilutheri la Amerika Kaskazini, linaloitwa NALC. Hilo nalo linabariki wanawake na linashika fundisho la ndoa. Kwa mtu wa KKKT ndilo lililo karibu zaidi na alivyolelewa, na ningekuficha ukweli nisingelitaja, ingawa si upande wangu.

Kabla hatujawahukumu Wamarekani sana, tujiangalie na sisi. Nyumbani, Mlutheri anayekasirishwa na bendera ya Saint Paul, Jumatano anapanda daladala kwenda kununua maji na mafuta ya upako, na anapanda mbegu ya pesa ili Mungu amfungulie. Kwangu hilo ni shambulio kwenye moyo wa Injili sawasawa na lile la Minneapolis, kwa sababu linamwambia maskini kwamba neema ina bei. Fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani ndilo Luther aliloliita ibara ambayo kanisa linasimama au kuanguka nayo. Tumekuwa wakali kwenye dhambi ambayo wengi wetu hatujaribiwi nayo, na wapole kwenye ile inayojaza viwanja vyetu.

Basi, msali wapi? Ushauri wangu ni kwamba mrudi kwa mchungaji yule wa Missouri, nyote wawili, siku ya kazi, ofisini kwake. Mwombe mchungaji wenu wa Iringa barua ya utambulisho, na mwende na vyeti vya ubatizo na kipaimara. Atakuuliza unaamini nini kinatolewa katika mkate na divai. Jibu kwa maneno uliyoyakariri kwenye kipaimara kutoka Katekisimo Ndogo. Ni yaleyale aliyoyakariri yeye. Atakuuliza juu ya kushiriki katika meza mbili, na hapo nakusihi msiwe watu wa kuchukua Chakula cha Bwana huku na huku kwa kupokezana. Kuhusu huduma ya wanawake mweleze mlivyolelewa na kwamba mko tayari kusikiliza. Wachungaji wengi watakupangia vipindi vya mafundisho kabla ya kukupokea, na wewe pia uliza maswali yako yote humo. Muulize kwa mfano atafanya nini kijana wako akimjia siku moja na kumwambia anavutiwa na wavulana wenzake. Jibu la swali hilo litakuonyesha kama mchungaji huyo anashika fundisho na pia anachunga kondoo, na kama halikuridhishi una haki ya kutafuta usharika mwingine wa sinodi hiyohiyo. Mji wenu hauna uhaba.

Katika majuma ya kusubiri, njooni ibadani kama kawaida. Makanisa mengi ya Missouri huwaruhusu wasioshiriki kwenda mbele na kupokea baraka. Mnakunja mikono kifuani, naye anawawekea mkono. Muulize tu kabla ya ibada kama kwake ndivyo ilivyo, ili Jumapili hiyo asiwepo wa kushtushwa tena. Na ukishaonana naye, niandikie alivyosema kuhusu barua ya Iringa, maana baadhi yao hawajawahi kuona barua ya dayosisi ya Tanzania na huenda akahitaji mtu wa kumweleza. Hilo nitalifanya kwa furaha.